Kuhesabu wadudu na mimea kisiwa cha Marion: mwongozo kwa anayeenda mara ya kwanza

Kisiwa cha Marion ni cha Afrika Kusini tangu walipokichukua mwisho wa 1947 na mwanzo wa 1948, kiko karibu nyuzi 47 kusini, na kitu ambacho wengi wetu hatukijui ni kwamba longitudo yake inakaribiana sana na ya Kilimanjaro, yaani ukivuta mstari toka Moshi kushuka kusini bila kukata kona unapita Msumbiji, unaingia baharini, na nchi kavu ya kwanza utakayoikaribia ni hicho kisiwa. Kina kilomita za mraba 290 hivi, mlima wa volkano katikati unaozidi mita 1,200, baridi ya wastani wa nyuzi 6 hivi mwaka mzima, mvua au theluji siku nyingi kuliko zisizo nazo, na upepo ambao hauna mapumziko. Hakuna mti hata mmoja. Hakuna mnyama mkubwa wa asili anayekula majani. Wanaokula majani yaliyokufa na kuyarudisha udongoni ni viwavi, fukusi, nyungunyungu na vidudu vingine vidogo, kwa hiyo kule ukitaka kujua hali ya nchi unapiga magoti na kuangalia chini.

Sasa kwa nini watu wahangaike kuhesabu? Kwa sababu ya panya. Panya wadogo wa majumbani waliletwa na wawindaji wa sili mwanzoni mwa karne ya 19, wakazoea. Mwaka 1949 wakaletwa paka watano kwenye kituo cha hali ya hewa wawakamate hao panya, paka wakaingia porini, wakazaliana, wakala ndege wa baharini kwa malaki kila mwaka, na iliwachukua watu mpaka 1991 kuwamaliza, kwa virusi vilivyoachiwa 1977 halafu bunduki na mitego. Panya wakabaki. Hali ya hewa ikapanda joto, msimu wao wa kuzaa ukarefuka, na chakula chao kikubwa kilikuwa hao wadudu, wakishawapunguza wadudu wakahamia kwenye vifaranga vya albatrosi, wale ndege wakubwa wa baharini, wanawatafuna wakiwa hai kiotani. Kuna mpango wa kuwatoa panya wote kwa chambo kinachomwagwa na helikopta kisiwa kizima. Kisiwa cha Macquarie cha Australia walifanikiwa, wakatangaza 2014, Antipodes ya New Zealand wakatangaza 2018, ila kisiwa cha Gough, kusini mwa Atlantiki, walijaribu 2021 na mwisho wa mwaka huohuo panya wakaonekana tena. Kwa hiyo kazi ya kuhesabu ni hii: kuacha rekodi ya leo, iliyo safi kiasi kwamba mtu mwingine kabisa, baada ya miaka 10 au 40, ataweza kuja kusimama palepale uliposimama na kufanya kilekile. Kila ushauri ulioko hapa chini unatoka kwenye hilo. Ukisahau mengine yote shika hilo.

Anza na swali, vifaa baadaye

Wengi wanaanza na orodha ya vifaa. Kaa chini kwanza uandike swali kwa sentensi moja, mfano: je, fukusi na viwavi ni wachache kiasi gani sehemu za chini ambako panya wamejaa kuliko sehemu za juu? Au: je, yale majani ya kigeni yamesogea umbali gani toka kituoni? Swali likiwa hivyo linakuambia lenyewe uende wapi, mwezi gani, na uchukue sampuli ngapi. Ukienda na swali la "tuone kuna nini" utarudi na chupa nyingi ambazo hakuna mtu atazifungua.

Halafu tafuta waliopita. Mwaka 1966 kuna mtu aliandika mimea ya Marion na mwinuko ambao kila mmea unaishia kupanda, na kwa sababu aliandika vizuri, mwaka 2006 watafiti waliweza kurudia njia yake na kuona kwamba mimea mingi imepanda juu zaidi mlimani kufuata joto. Kama angeandika tu "inapatikana sehemu za chini" leo tusingekuwa na kitu. Kwa hiyo soma ripoti za zamani, tafuta viwanja vya zamani (vile vipande vya ardhi vilivyopimwa) vilipo, na kama njia yao ilikuwa ya kizamani lakini inarudika, ifuate hivyohivyo hata kama wewe una kifaa kipya cha kisasa. Unaweza kuongeza kifaa chako juu yake. Kubadilisha njia katikati ya mfululizo wa miaka ni kuukata huo mfululizo.

Kibali ni lazima, Marion na ndugu yake mdogo Prince Edward ni hifadhi maalumu ya asili tangu 1995, na kwenye kibali wataandika idadi ya vielelezo unavyoruhusiwa kuchukua, sehemu za kutokanyaga, na umbali wa kukaa na ndege. Prince Edward iko kilomita 20 hivi tu toka Marion, haijawahi kuwa na panya, ndo maana ni ya thamani sana kwa kulinganisha, na ndo maana pia wanaruhusu watu wachache mno kwa nadra mno. Usipange utafiti unaotegemea kwenda kule kila mwaka, hautapita. Tumia takwimu zilizokwishachukuliwa.

Safisha vitu mpaka uchoke

Hii hatua watu wanaichukulia ya kutimiza utaratibu tu lakini kwangu ndo hatua kubwa kuliko zote. Mimea ya asili ya Marion, ile yenye mishipa ukiacha mosi (vimea vidogo laini vinavyotandaa juu ya mawe na udongo) na wenzake, ni aina 22 hivi tu. Na aina za kigeni zilizowahi kufika zinakaribia idadi hiyohiyo. Zote zimeletwa na watu. Poa annua, Sagina procumbens, Cerastium fontanum, hizi ni nyasi na magugu ya kawaida ya Ulaya ambazo mbegu zake ni ndogo kiasi hazionekani ukizitazama harakaharaka, zinakaa kwenye soksi, kwenye kona za mfuko wa koti, na zaidi ya yote kwenye velkro, ule utepe wa nguo unaonata na kubanduka. Watafiti waliwahi kuchambua nguo na mizigo ya watu 64 waliokuwa safarini kwenda visiwa vya aina hii wakatoa mbegu na matunda 981. Fikiria hilo halafu angalia koti lako ulilopandia mlima mwaka jana.

Fanya hivi. Nunua soksi mpya, glavu mpya, geita mpya (zile za kufunika mguu juu ya buti) kama bajeti inaruhusu. Vitu vya zamani vifue, vikauke, halafu geuza kila mfuko nje upitishe vakyumu, kisha chukua kibano na tochi utoe kimoja kimoja kwenye velkro, hakuna njia ya mkato hapo. Buti zisugue kwa brashi, toa tope lote kwenye meno ya soli kwa msumari, halafu zitumbukize kwenye dawa ya kuua vijidudu. Begi la kamera nalo, watu hulisahau. Miguu mitatu ya kamera, ule mguu unaovutwa ndani huwa una mchanga na mbegu. Vikombe vya mitego, fremu, mirija, vifungashio, vyote viwe vipya au vimeoshwa kwa maji moto, na usipakie kwenye maboksi ya katoni yaliyokaa stoo maana buibui na mende wanapenda sana kuishi humo.

Halafu kuna usafi wa ndani ya kisiwa chenyewe, huu unasahaulika zaidi. Mbegu zilizojaa kando ya kituo hazijafika bado kila mahali, kwa hiyo ukitoka kituoni kwenda upande wa magharibi safisha buti tena, na ukitoka sehemu yenye konokono asiye na gamba, yule wa kigeni anayeitwa Deroceras, angalia chini ya mkoba wako maana anapanda na kujificha kwenye mikunjo. Kazi panga zianze sehemu safi ziishie sehemu chafu, usifanye kinyume chake. Tangu homa kali ya ndege ya H5N1 ifike Marion 2024 kuna sababu nyingine ya kuosha buti kati ya koloni moja na jingine, na mzoga usiushike.

Kuchagua pa kuweka viwanja

Kisiwa usikigawe kwa ramani ya miraba tu, kigawe kwa aina ya mazingira kwanza. Kuna pwani inayopigwa chumvi ambako Crassula moschata na Leptinella plumosa zinatawala, kuna sehemu zilizorutubishwa na kinyesi cha pengwini, sili na ndege wa mashimo ambako Poa cookii inaota ndefu, kuna miteremko ya kangaga, kuna vinamasi vya mboji, kuna uwanda wa mawe na upepo ambao Azorella selago ndo mfalme wake, na juu kabisa ni jangwa la baridi la mosi na mawe mekundu. Wadudu wa hapa si wa pale. Ukichukua wastani wa kisiwa kizima bila kutenganisha haya umepata namba isiyo na maana.

Ndani ya kila aina ya mazingira, chagua pointi kwa bahati nasibu na uzichague ukiwa mezani kwa kompyuta, siyo ukiwa umesimama pale. Binadamu akisimama porini macho yanakimbilia sehemu nzuri, sehemu kavu, sehemu iliyo karibu na njia, huwezi kujizuia. Ukifika pointi ikaangukia kwenye kiota au kwenye mashimo ya ndege, iache, nenda pointi ya akiba inayofuata kwenye orodha na uandike kwamba umeiacha na kwa nini. Kama unafuata mwinuko, panga vituo kila mita 100 au 200 toka pwani kupanda, na vifanye upande wa mashariki na magharibi kama nguvu zipo, manake upepo wa magharibi unaubadilisha ule upande kabisa.

GPS peke yake haitoshi kurudia kiwanja cha mita moja, inakosea mita kadhaa. Piga vigingi viwili vya chuma kisichoshika kutu kwenye kona za mshazari, viwe vifupi ndege asijigonge, andika namba kwenye kibati, halafu piga picha nne kuelekea kaskazini, mashariki, kusini na magharibi zenye alama za mbali zisizohama, kilele, mwamba mkubwa, ukingo wa lava. Andika na maelezo ya maneno: toka mwamba mweusi uliopasuka tembea hatua kadhaa (andika idadi) kuelekea upande fulani wa dira. Maneno ya namna hiyo yameokoa viwanja vingi kuliko satelaiti.

Mimea

Msimu mzuri ni Desemba mpaka Februari, ila meli ya S.A. Agulhas II kwa kawaida inaleta watu Aprili na Mei, kwa hiyo anayetaka kiangazi kwa kawaida ni yule anayekaa mwaka mzima na timu. Kama wewe ni wa wiki chache za meli tu, fanya mimea ya kudumu na uandike mwezi waziwazi, usilinganishe na takwimu za Januari.

Fremu tengeneza mwenyewe kwa paipu za umeme za plastiki, mita moja kwa mita moja, ikunjike, uvute nyuzi ndani mpaka upate vijimraba 100. Kila kijimraba ni asilimia moja ya kiwanja na hapo jicho linapata kipimo. Kwa kila aina ya mmea unakadiria imefunika asilimia ngapi, na jumla inaweza kuvuka 100 maana mimea inalaliana, hiyo si kosa. Njia nyingine, ambayo mimi naipendelea kwenye nyasi na mosi, ni kushusha kijiti chembamba cha chuma katikati ya kila kijimraba na kuandika kila kinachoguswa toka juu mpaka chini, mara 100. Inachosha na vidole vinaganda lakini haitegemei sana jicho la mtu. Mkiwa wawili, siku ya kwanza kila mtu apime viwanja vilevile kivyake bila kuonyeshana, halafu mlinganishe, mkitofautiana sana rudieni mpaka mkaribiane. Rudieni zoezi hilo katikati ya msimu, macho huwa yanahama taratibu bila mwenyewe kujua.

Azorella inataka fomu yake. Mmea huu umejikusanya kama mto wa kulalia, mgumu, unakua milimita chache tu kwa mwaka, na ndani yake kuna joto kidogo zaidi na utulivu kuliko nje kwa hiyo wadudu wamejaa, na juu yake nyasi ya Agrostis magellanica inaota. Pima kipenyo kirefu, kipenyo kinachokikata kwa pembe mraba, urefu wa kwenda juu, asilimia iliyokufa, na upande gani umekufa ukilinganisha na upepo. Halafu angalia mashimo ya panya. Panya wanachimba ndani ya hii mimea na uharibifu wake unaonekana kwa macho, hesabu mashimo, andika na sifuri pale usipoyaona. Na usisimame juu yake hata kwa sekunde, mguu mmoja unaweza kuvunja kilichokua kwa miongo.

Kila ukitoka kwenye Acaena magellanica chunguza nguo zako, matunda yake yana ndoano na utayahamishia kwingine. Kabeji ya Kerguelen, Pringlea antiscorbutica, kila ukiiona andika na utazame majani kama yana matundu, kuna nondo wa kigeni Plutella xylostella anayeila. Mosi na wenzake ambao hujui majina yao usibuni jina, wape namba, mosi 1, mosi 2, chukua kielelezo kidogo kwenye bahasha ya karatasi (plastiki itaozesha), na bwana au bibi mtaalamu atakipa jina baadaye.

Wadudu, polepole hapa

Hakuna njia moja inayokamata wote, kwa hiyo tumia tatu na uziandike mbalimbali, usichanganye namba zake.

Ya kwanza ni mitego ya shimo. Kikombe cha plastiki kinazikwa mpaka mdomo uwe sawa kabisa na uso wa udongo, ukiacha ukingo hata wa milimita mbili mdudu mdogo anakizunguka. Weka vikombe viwili, kimoja ndani ya kingine, ili ukitoa cha ndani shimo lisibomoke. Ndani mimina propilini glaikoli, kimiminika cha kuwahifadhi wadudu, iliyochanganywa na maji kidogo na tone moja la sabuni isiyo na harufu. Usitumie ile dawa ya radieta ya gari yenye ethilini glaikoli, ni sumu na tamu, na kule kuna skua, ndege wa kahawia anayepora mayai na mizoga, na wale ndege weupe wa ufukweni, Chionis minor, ambao hawana woga wowote na wanaonja kila kitu. Kwa sababu yao juu ya kila mtego weka kipaa cha plastiki au jiwe bapa lililoinuliwa kwa mawe madogo, nacho kinazuia mvua isifurishe. Kwenye vinamasi maji ya chini yanakisukuma kikombe juu, kwa hiyo kibane kwa vigingi vya waya pembeni. Acha mitego siku zilezile kila mara, tano kwa mfano, na usiifungue siku uliyoichimba, udongo uliochimbwa unavuta wadudu isivyo kawaida, funika ukae siku kadhaa kwanza. Mtego uliong'olewa na ndege uandike "umepotea", usiuandike sifuri. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa mno.

Kumbuka mtego wa shimo unapima wanaotembea, siyo wangapi wapo. Siku ya jua wanatembea wengi, siku ya barafu hawatembei. Buibui Myro ataingia sana, kiwavi anayeishi ndani ya mboji hataingia.

Kwa hiyo njia ya pili ni vipande vya udongo. Tumia bomba la chuma lenye kipenyo kilekile siku zote, piga mpaka kina kilekile, toa kipande na majani yake ya juu bila kukibana, weka kwenye mfuko, andika lebo ndani na nje, na kirudishe kituoni siku hiyohiyo kama inawezekana. Pale unakiweka kichwa chini kwenye wavu juu ya faneli, taa juu, chupa ya ethanoli (spiriti ya kuhifadhia) chini, na joto linapanda taratibu kwa siku kadhaa, wadudu wanakimbia ukavu wanashuka mpaka wanadondoka. Siri iko kwenye neno taratibu. Ukiwasha balbu kali siku ya kwanza utitiri na kolembola (vidudu vidogo vinavyoruka udongoni) wanakaukia ndani na utaandika udongo hauna kitu. Kwa viwavi na nyungunyungu, ambao ni wazito na hawashuki vizuri, mega kipande kingine kwa mkono juu ya sinia jeupe, halafu kioshe kwenye ungo. Kazi hii inakula masaa, hasa mboji ya nyuzinyuzi, lakini ndo njia pekee ninayoiamini kwa Pringleophaga marioni.

Huyo Pringleophaga nimtaje kwa heshima. Ni nondo asiyeruka, mabawa yake yamebaki vijipande, na kiwavi wake ndo mashine kubwa ya kuozesha majani ya kisiwa kizima, tena ndo chakula anachokipenda panya. Anajaa zaidi kwenye viota vya albatrosi mkubwa na baadhi ya watafiti wanadhani ni kwa sababu ndege akikaa pale kiota kinakuwa na joto zaidi ya udongo wa jirani. Ukitaka sampuli za viota chukua kwenye viota vilivyoachwa tu, chukua kidogo, na ziweke kwenye kundi lake, ukizichanganya na sampuli za kawaida utadhani kisiwa kimejaa viwavi.

Njia ya tatu ni kutafuta kwa mkono kwa muda maalumu, dakika 30 kwa mtu, chini ya mawe na ndani ya majani, na jiwe lirudi kama lilivyokuwa, upande uleule. Hapa utawapata fukusi. Fukusi wa Marion ni wa kupima urefu kwa kaliper (kipimo cha vitu vidogo) kila mmoja, siyo kuhesabu tu, kwa sababu panya huchagua wakubwa na utafiti umeonyesha kwamba kwa miaka mingi miili ya fukusi wa Marion imepungua ukubwa ikilinganishwa na ndugu zao wa Prince Edward. Panya wakitoka siku moja, urefu wa fukusi utakuwa kati ya vitu vya kwanza kutuambia. Baadhi yao wanatoka usiku, kwa hiyo rudia zoezi gizani na tochi ya kichwani iliyopunguzwa mwanga na kuelekezwa chini, manake petreli, wale ndege wa mashimo, wanavutwa na taa kwenye ukungu, wanakuja kujigonga. Kama ndege wameanza kudondoka karibu nawe zima, kazi ya usiku huo imeisha.

Kuhifadhi: ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa wanaokwenda kupimwa DNA, 70 kwa wanaokwenda kuangaliwa maumbo. Viwavi watumbukize kwanza kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, bila hivyo wanakuwa weusi na kulainika. Badilisha ethanoli baada ya siku moja kwa sababu maji ya miilini yanaizimua. Lebo iwe ya karatasi ngumu, penseli, ndani ya chupa pamoja na mdudu: mahali, mwinuko, tarehe, njia, namba ya kiwanja, jina lako. Wino unayeyuka kwenye ethanoli na maandishi ya juu ya kifuniko yanafutika, na chupa isiyo na lebo itupe tu, hata ndani kuna mdudu mpya kabisa.

Pembeni ya kila kundi la viwanja zika kihisi cha joto kina cha sentimita tano, kinachojiandika kila saa. Bila joto la udongo utabaki unajiuliza kama wadudu walipungua kwa panya au kwa baridi ya wiki ile.

Kutembea bila kuharibu na bila kufa

Usitoke peke yako, kamwe. Andika njia na saa ya kurudi, redio jioni kwa saa mliyokubaliana, na mpango ujengwe kwa vibanda, Katedraal, Mixed Pickle, Kildalkey na vingine, siyo kwa umbali wa ramani maana lava nyeusi na vinamasi vinakufanya utembee polepole mno. Ukungu ukishuka kaa. Nguo kavu moja kwenye mfuko usioingiza maji isiguswe mpaka uko ndani.

Kwenye kinamasi msifuatane mguu kwa mguu kama hakuna njia, tawanyikeni, njia ikishachimbika inabaki kwa miaka. Kama njia ipo, ifuateni wote hata kama ni tope. Kwenye miteremko ya nyasi ndefu ardhi ina matundu ya petreli chini, mguu ukizama simama, toa polepole, angalia kama kuna yai au ndege, rekebisha dari kwa udongo na majani, halafu tafuta njia nyingine. Petreli wakubwa walioko kwenye viota wapishe mbali sana kulingana na kibali chako, wanaacha yai kirahisi na skua anasubiri hapohapo. Sili dume wa manyoya ni mkali na anakimbia kuliko unavyodhani.

Jioni, kabla ya kula

Data ziingizwe kila siku hata kama umechoka, manake leo bado unakumbuka ule mwandiko wa mkono ulioganda ulimaanisha 3 au 8. Piga picha kila ukurasa wa daftari. Nakala tatu, moja ikae jengo tofauti. Kwenye jedwali weka safu ya juhudi, yaani mitego mingapi, siku ngapi, watu wangapi, na andika sifuri kwa kila kilichotafutwa kikakosekana. Safu ya "aliyepima" nayo isikosekane, siyo kwa kulaumiana, ni kwa sababu anayekuja anahitaji kujua jicho lilikuwa la nani.

Majina ya aina yanabadilika, mfano kangaga ile ile utaikuta kwenye ripoti za zamani kama Blechnum na kwenye mpya kama Austroblechnum, kwa hiyo hifadhi vielelezo kwenye makumbusho au hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) na uandike namba zake kwenye data. Mtu wa 2060 akiwa na shaka na jina lako atafungua chupa aone mwenyewe.

Wiki ya mwisho kabla ya meli zunguka viwanja vyote, hesabu vikombe ulivyovichimba na ulivyovitoa, namba zilingane, maana mtego uliosahaulika unaendelea kuua. Mashimo yajaze kwa udongo wake uleule uliouweka pembeni. Vigingi vya kudumu viache, visivyo vya kudumu ving'oe. Halafu mtafute anayechukua nafasi yako, timu mpya na ya zamani huwa zinakutana kisiwani siku chache tu wakati wa meli, mpeleke kwa miguu mpaka kwenye kiwanja kimoja cha kila mazingira, mpe fremu, kaa pembeni, umwache apime peke yake toka mwanzo mpaka mwisho huku wewe umenyamaza. Pale atakapokwama au atakapofanya tofauti na wewe, hapo ndo maelezo yako yana pengo, andika sentensi inayokosekana usiku huohuo kabla helikopta haijakuchukua.